Vibeke Alivyopungua Hadi Mfupani

Vibeke Thorsager alikuwa na kilo mia moja na kumi na mbili, na hakuna aliyewahi kumsikia akiomba radhi kwa hata moja kati ya hizo. Alikuwa na miaka hamsini na saba. Kazi yake ilikuwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Thyholm, na kwa miaka ishirini na kitu alikuwa akiwatolea wateja mifuko ya saruji hadi kwenye magari yao, mmoja begani na mmoja kwapani, kama mtu aliyetumwa mikate.

Magoti ndiyo yaliyomsaliti. Mwezi wa Novemba yalianza kulia kila akipanda ngazi, moja likianza na lingine likiitikia, mpaka daktari wa pale kijijini akamwandikia ile dawa ya sindano inayozima njaa. Muuguzi wa kliniki, Annegrete, akamketisha kumwelekeza.

"Unajidunga kila Ijumaa, hapa tumboni," Annegrete akasema, akaitoa sindano.

Sindano yenyewe ilikuwa nyembamba kama unywele, lakini sindano ni sindano. Tangu ilipotoka kwenye kifuniko, Vibeke hakusikia tena kitu. Annegrete alimwambia kwamba njaa itapotea lakini mwili hautaacha kudai haki yake. Kwamba aanze na mayai, samaki na jibini kabla ya kitu kingine chochote. Kwamba asiache hata kidogo kubeba vitu vizito, maana mtu akipungua haraka misuli huondoka, na misuli ikiondoka mifupa nayo hulegea. Aliyasema yote hayo taratibu, na mwisho akauliza kama yameeleweka.

"Sawa," Vibeke akasema, macho yakiwa bado kwenye ncha ya sindano.

Dawa ikafanya kazi. Asubuhi moja ya Januari Vibeke alifungua friji, akaitazama nyama, akayatazama mayai, akaona ni kama anatazama samani za jirani: vitu vizuri, vya watu, visivyomhusu. Akafunga friji. Akanywa kahawa, akatafuna nusu ya mkate mkavu, akashiba hadi jioni.

Aliyeumia kwanza ni mume wake. Gorm alikuwa fundi wa jibini kwenye kiwanda kidogo cha maziwa, mtu mrefu wa maneno machache, na kwa kuwa maneno yalikuwa machache, mapenzi yake yote yalipitia kwenye jibini. Kila Alhamisi kwa miaka ishirini na mitano alimletea mkewe kipande, na kila Alhamisi mkewe alikimaliza kabla ya Jumamosi. Sasa vipande vilianza kupangana.

"Imekukosea nini?" Gorm akauliza jioni moja.

"Haijanikosea kitu."

"Hii ina miezi kumi na minane."

"Naona."

"Naona, anasema," Gorm akaiambia jibini, akairudisha kwenye friji.

Lakini Gorm alikuwa mtu mpole, akanuna kipole. Hasara kubwa ilikuwa kwa dada yake.

Ragna, dada mkubwa wa Gorm, alikuwa ametimiza miaka sitini na sita. Alikuwa ameacha kazi ya posta, akabaki na kazi ya kutunga. Pale Thyholm hapakuwa na kipaimara, siku ya kuzaliwa wala kustaafu kulikopita bila wimbo wa Ragna: aliuweka kwenye sauti ya wimbo ambao kila mtu anaujua, akauchapa kwa nakala za wageni wote, na ukishika karatasi yake hukai chini mpaka ubeti wa mwisho. Jubilei ya fedha ya ndoa ya Gorm na Vibeke ilikuwa tarehe kumi na saba Agosti, na Ragna alikuwa amemaliza wimbo wake kabla ya Krismasi. Ulikuwa na beti kumi na saba, mmoja kwa kila siku ya Agosti hadi ile tarehe yenyewe. Beti tatu zilimhusu Gorm. Kumi na nne zilihusu jinsi Vibeke anavyokula.

Na zilikuwa beti nzuri, hilo halina ubishi. Kulikuwa na wa chapati maji alizokula kwa mama mkwe. Kulikuwa na wa karamu ya mkunga, samaki yule mrefu kama nyoka, pale ambapo kila mlaji hupanga miba ya samaki wake kwenye ukingo wa sahani, na Vibeke akaizungusha sahani mara mbili na kuanza kupanga kwenye sahani ya mchungaji. Ragna alikuwa ameshazichapa nakala zote sitini na tano kwenye karatasi ya rangi ya fedha, na karatasi ya rangi ya fedha haifutiki.

Siku ya Pasaka akamwona mtu anapita kwa baiskeli dhidi ya upepo wa magharibi, mwembamba, koti likipepea. Akachukua miwani. Kisha akachukua koti lake mwenyewe, akaenda moja kwa moja hadi jikoni kwa kaka yake.

"Wifi, unaumwa?"

"Siumwi," Vibeke akasema.

"Basi nani kakufungia chakula?"

"Napungua tu, Ragna. Watu wanapungua."

"Watu wenye adabu wanapungua baada ya sherehe." Ragna akakaa bila kukaribishwa. "Umefika kilo ngapi?"

"Tisini na moja."

"Umeniharibia mizani, wifi."

"Mizani yangu iko sawa kabisa. Nimepanda leo asubuhi."

"Mizani ya wimbo! Nitasimama mbele ya watu sitini na tano niimbe habari za mla mkunga, nao wanamtazama mtu kama fimbo ya bendera? Watasema Ragna ni mwongo. Mimi sijawahi kudanganya kwenye wimbo. Nimewahi kuzidisha, kudanganya hapana."

"Tunga mwingine."

Ragna akamtazama kama mtu aliyeambiwa azae mtoto mwingine, huyu hafai.

Tangu siku hiyo vita vikaanza. Kila Jumapili Ragna alifika na sahani iliyofunikwa kwa kitambaa. Mara nguruwe wa kuokwa mwenye ngozi iliyokauka ikalia chini ya kisu. Mara keki ya tabaka tatu yenye krimu na jamu ya stroberi. Mara vibonge vya nyama ndani ya mchuzi wa bizari. Alivipanga mbele ya Vibeke, akakaa pembeni amekunja mikono kama mpelelezi.

"Onja tu."

"Nimeshiba."

"Tangu lini?"

"Tangu Januari."

Vibeke hakuwa anaringa. Kweli tonge lilifika kinywani likakosa pa kwenda. Ragna akishaondoka, sahani ilisukumwa upande wa pili wa meza, na Gorm, ambaye alilelewa kumaliza kilichowekwa mbele yake, akamaliza. Kufikia Juni Vibeke alikuwa kilo themanini na mbili na Gorm ameongeza kumi na moja. Ukiwapima wote wawili pamoja, nyumba haikuwa imepoteza sana. Mzigo ulikuwa umehama tu upande wa kitanda.

Na Vibeke alikuwa na furaha, tusimsingizie. Magoti yalinyamaza. Alipanda ngazi za duka akipiga mluzi. Alinunua gauni la rangi ya fedha lenye mkanda kiunoni, na alipofunga ule mkanda alisimama mbele ya kioo kwa muda mrefu, akageuka kushoto, akageuka kulia, akacheka peke yake. Kitu kimoja tu kilimshangaza. Mwezi wa Mei mteja alitaka saruji, Vibeke akainama kama kawaida, mfuko ukafika magotini ukagoma. Akaurudisha chini taratibu kama hakukusudia kuubeba.

"Mgongo?" akauliza Connie, mwenzake wa dukani.

"Hapana. Umekuwa mzito tu."

"Ni kilo ishirini na tano, kama jana."

Connie akaubeba yeye. Akaubeba na wa kesho yake. Mwisho Vibeke akahamia kwenye rafu za skrubu, ambako kitu kizito kuliko vyote ni daftari la bei, na wala hakulifikiria tena jambo hilo.

Siku ya jubilei majirani walifika saa moja asubuhi, walivyo na desturi. Tangu jana yake walikuwa wamezungushia mlango matawi ya misonobari na maua ya karatasi ya fedha. Wakapanga mstari uani, mmoja na tarumbeta, wakaimba mpaka Gorm na Vibeke wakatoka na nguo za kulalia kupunga mikono. Kikaja kifungua kinywa, kikaja kinywaji kikali cha kuwatoa watu baridi, ingawa ilikuwa Agosti na hapakuwa na baridi. Saa saba mchana wote wakawa ukumbini.

Pale ukumbini mambo yana kanuni zake. Wageni wakigonga glasi kwa visu, maharusi wanasimama na kubusiana. Wakigonga sahani, maharusi wanapanda juu ya viti na kubusiana huko juu. Wakipiga miguu sakafuni, maharusi wanaingia chini ya meza na kubusiana huko huko, na hakuna kuuliza umri. Glasi ziligongwa mara sita kabla supu haijaisha. Vibeke, aliyekuwa amekula njegere tatu, alisimama na kukaa, kusimama na kukaa, akaanza kuona nyota ndogo pembeni mwa macho. Akaendelea kusimama. Ilikuwa siku yake.

Aliyeanza kupiga miguu ni Laust, daktari wa mifugo, ambaye alikuwa zamuni na kwa hiyo hakunywa, akatafuta raha nyingine. Ukumbi mzima ukamfuata, sakafu ya mbao ikanguruma. Vibeke akateleza chini ya meza mara moja, mwepesi kama paka. Gorm akafuata nusu.

"Uko wapi?" Vibeke akauliza kutoka gizani.

"Niko hapa. Nimenasa."

"Umenasa wapi?"

"Kote."

"Nipe mkono nikuvute."

Akamshika, akavuta. Mwaka uliopita angemng'oa kama karoti. Safari hii yeye ndiye aliyeteleza kumfuata Gorm, na Gorm hakusogea hata kidole. Basi wakabusiana pale pale mlangoni mwa meza, yeye ndani, Gorm nusu nje, mpaka Laust na wenzake watatu wakainua meza juu na bakuli la mchuzi likaenda lilikokwenda.

Hawajakaa sawasawa, sahani zikaanza. Haya, juu ya viti. Vibeke akapanda chake, Gorm akapanda chake, kikalia lakini kikavumilia. Wakabusiana, watu wakapiga makofi. Ni wakati wa kushuka ndipo kisigino cha Vibeke kikapinda. Hakuanguka kwa kishindo. Aliketi sakafuni kama mtu anavyoketi kwenye nyasi, akaweka mkono wa kulia chini kujizuia. Ikasikika *kach*, sauti ndogo, kavu. Shangazi mmoja wa meza ya pili akageuka kutazama ni nani ameanza kula ngozi ya nguruwe kabla ya wengine.

Vibeke akautazama mkono wake. Ulikuwa umepata kona ambayo asubuhi haukuwa nayo.

Laust akapiga magoti, akaushika kwa vidole viwili. "Umevunjika hapa kifundoni," akasema. "Ungekuwa ndama ningekufunga vijiti viwili nikakurudisha kwa mama yako."

"Na ningekuwa ng'ombe?"

"Ng'ombe ningeongea kwanza na Gorm, faraghani." Kisha akaacha utani. "Lakini umeangukaje wewe? Hapo umekaa tu. Mtu havunjiki kwa kukaa. Twende hospitali."

Ragna alikuwa ameshasimama mwisho wa ukumbi, karatasi sitini na tano mikononi, na mpiga kodiani yuko tayari nyuma yake.

"Hakuna kuondoka kabla ya wimbo," akasema.

"Ragna, nimevunjika mkono."

"Kwani unaimba kwa mkono, wifi?"

"Anaumwa, dada," Gorm akasema, na kwa kuwa Gorm alisema, Ragna alinyamaza. Alinyamaza kwa muda wa kutoka ukumbini hadi garini. Gari la Laust lilikuwa na viti vinne, na Vibeke alipoketishwa mbele mkono ukiwa juu ya mto, wakamkuta Ragna ameshakaa nyuma kati ya mabuti ya mpira na kamba za kuvutia ndama, bahasha ya nyimbo mapajani.

"Nakuja kukushika mkono," akaeleza. "Ule mzima."

Hospitalini mama wa mapokezi aliuliza imetokeaje.

"Nilikuwa nashuka kwenye kiti," Vibeke akasema.

"Ulipanda kiti kufanya nini?"

"Kumbusu mume wangu."

Yule mama akaandika, akamtazama Gorm kwa urefu wake wote, akafuta kitu, akaandika tena. Akawaambia wasubiri.

Wakasubiri saa nzima. Vibeke alipewa dawa ya maumivu na kitambaa cha kuning'iniza mkono, akakaa na gauni lake la fedha kati ya mzee aliyechomwa na ndoana ya uvuvi kwenye kidole gumba na bibi aliyekanyagwa na farasi. Kila mtu alitazama kidonda chake. Ragna akavumilia, akavumilia, akapekua bahasha, akavumilia tena. Kisha akasimama, akampa mzee wa ndoana karatasi moja. Akampa bibi wa farasi. Akampa na Laust, ambaye angeweza kurudi nyumbani lakini hakutaka kukosa.

"Ni jubilei yao ya fedha," Ragna akawaambia watu. "Sauti mnaijua nyote. Tutaimba kwa chini, ni hospitali."

Wakaimba kwa chini beti mbili. Wa tatu mzee wa ndoana, ambaye kumbe alikuwa na besi nzito, alisahau kidole chake, na watu wengine wote wakasahau vya kwao:

*Kapika mama mkwewe, chapati maji sinia,*
*Kumi na moja mwenyewe, Vibeke kazifukia,*
*Kisha kauliza yeye: "Sinia la pili pia?"*
*Mbwa kalala na njaa, makombo kayalilia.*

"Ndiye huyu?" bibi wa farasi akamnong'oneza Gorm, akimwonyesha Vibeke kwa kidevu.

"Ndiye."

"Mbona hafanani?"

Ragna akasikia, akawa mwekundu hadi masikioni, lakini hakuacha kuimba. Vibeke alicheka mpaka mkono ukamuuma, akaushika, akacheka tena. Ilikuwa kwenye ubeti wa kumi au wa kumi na moja, ule wa mkunga na sahani ya mchungaji, ambapo aliacha kucheka. Hakuzitamani zile kilo, wala hakuyatamani yale magoti. Ila yule mwanamke wa kwenye wimbo alikuwa na raha. Alikaa mezani kama mwenye meza. Yeye mwenyewe, tangu Januari, alikuwa akikaa mezani kama mtu anayesubiri basi.

"Gorm," akasema chini ya sauti za wengine. "Yule alikuwa anafurahi kweli."

"Ndiye niliyemwoa."

"Na huyu je?"

Gorm akafikiri. Haikuwa tabia yake kujibu haraka. "Huyu pia nimemwoa," akasema. "Ila huyu hali jibini."

Wakaitwa kabla ya ubeti wa mwisho. Daktari alimpiga picha, akamfunga plasta, akamuuliza maswali ambayo Vibeke hakuyategemea: anakula nini, anatumia dawa gani, hedhi ilikoma lini, amepungua kilo ngapi kwa muda gani. Akamwandikia kipimo cha mifupa. Waliporudi ukumbini jua lilikuwa bado halijazama na wageni walikuwa wamefika kwenye kahawa. Ragna aliwasimamisha wote, wakaimba zote kumi na saba upya, kuanzia mwanzo, naye Vibeke akasimama katikati na plasta yake nyeupe. Hakuna aliyesema Ragna ni mwongo. Hata hivyo shangazi wa meza ya pili aliuliza kama kulikuwa na harusi mbili.

Majibu ya kipimo yalikuja Septemba. Daktari wa mifupa, mama mmoja mkavu aitwaye Dagmar Riis, aliigeuza kompyuta ili Vibeke na Gorm waone.

"Nyonga na uti wa mgongo vimekonda kuliko umri wako," akasema. "Nyonga hasa."

"Nilijua nakonda," Vibeke akasema. "Sikujua nakonda mpaka huko."

"Mwili ukipungua upesi, mfupa nao hupungua. Ulikuwa umezoea kubeba mwanamke mzima pamoja na saruji yake. Mzigo ukaondoka, saruji ikaondoka, chakula kikaondoka. Mfupa haukai kazini bila kazi na bila kulishwa."

"Kwa hiyo mwizi ni dawa?"

"Sitasema hivyo. Umri wako una sehemu yake, kupungua kwa haraka kuna sehemu yake. Kama dawa yenyewe inaugusa mfupa moja kwa moja, bado tunachunguza, na atakayekwambia anajua hakika anajisifu. Ninachokijua ni kwamba wanaotumia dawa hii huku wanakula vizuri na kubeba vitu vizito hupoteza mfupa kidogo kuliko wanaokaa."

"Mbona sikuambiwa?"

Daktari Riis akasoma kwenye kompyuta. "Hapa muuguzi wako ameandika, tarehe kumi na tisa Novemba: 'Nimemweleza kuhusu protini, kubeba uzito na mifupa. Mgonjwa amesema sawa.' Na tena Februari: 'Nimemkumbusha. Mgonjwa amesema sawa.'"

Gorm akatazama dirishani kwa heshima.

Basi mambo yakapangwa upya. Daktari wa kijijini akaishusha dozi kidogo, akaongeza vidonge vya vitamini D, na Annegrete akamweleza yote mara ya tatu, safari hii sindano ikiwa imefungiwa kabatini. Njaa haikurudi kwa sababu tu imeitwa. Vibeke ikambidi ale kwa saa, kama mtu anayemeza dawa: yai asubuhi, samaki wa heringi mchana, na jioni jibini, ambayo Gorm aliikata mwenyewe vipande vinne, kwa sababu mke wake alikuwa na mkono mmoja. Gorm hakuwahi kusema kwamba ilikuwa miezi mizuri. Ila Connie alimsikia akiimba kwenye maegesho ya duka, na Connie alikuwa amemfahamu Gorm miaka kumi na minane bila kujua kama ana sauti.

Ragna alikatazwa keki. Alilipokea katazo hilo kama askari, na Jumapili iliyofuata akaja na samaki wa makrili wa kukaushwa kwa moshi.

"Ni kwa ajili ya mfupa," akasema.

"Asante, wifi."

"Na wewe usianze kunipungukia tena. Mwakani kushoto utatimiza sitini, nimeshaanza kutunga."

"Mwakani kushoto ndio lini?"

"Ule unaofuata mwakani, usinichanganye. Nakuwekea beti za mazoezi. Kwa hiyo ni lazima ufanye mazoezi, au unataka niwe mwongo tena?"

Ndivyo Vibeke alivyojikuta kila Jumanne kwenye ukumbi ule ule, plasta ilipokwisha kutolewa, pamoja na wanawake kumi na wawili wa rika lake, wakinyanyua vyuma na kuruka. Kuruka ndiko kulikomsumbua mlinzi wa ukumbi. Wanawake kumi na watatu wakitua pamoja, vikombe kabatini hutembea. Akaja kulalamika, wakamwambia ni kwa ajili ya mifupa. Akasema sakafu nayo ina mifupa yake. Ragna, ambaye alikuja kukusanya habari za wimbo na daftari mkononi, aliambiwa na mwalimu kwamba hakuna kukaa. Akaruka na daftari, akitua anaandika, na maandishi ya siku hiyo hata yeye hakuweza kuyasoma.

Mfuko wa kwanza wa saruji aliubeba Februari. Haukuwa wa kilo ishirini na tano, ulikuwa wa kumi, na Connie alitembea nyuma yake mikono ameitanguliza kama anayefundisha mtoto baiskeli. Aprili akabeba ule mkubwa. Mmoja tu, wa begani. Wa kwapani aliwaachia wengine.

Agosti wakarudi kwa Daktari Riis, ng'ambo ya ghuba. Nyonga ilikuwa pale pale ilipoachwa, haijapungua tena. Uti wa mgongo ulikuwa umepanda kidogo, kidogo sana, lakini Daktari Riis, mtu mkavu kama alivyokuwa, aliuonyesha kwa kalamu mara mbili. Vibeke alikuwa na kilo themanini na nne na hakuna goti lililolia.

Njiani kurudi wakakuta daraja la Oddesund limeinuliwa, mashua ya mtu inapita taratibu, na magari yamepanga foleni. Gorm akazima injini. Wakakaa wakitazama maji. Baada ya muda Vibeke akaweka mkono tumboni, akakunja uso.

"Nini?" Gorm akauliza.

"Sijui. Kuna kitu hapa." Akasikiliza. "Nadhani ni njaa."

"Una hakika?"

"Ni muda mrefu, naweza kukosea. Lakini inafanana nayo."

Gorm akatafuta kwenye droo ya gari, akapata kipimo cha hewa ya matairi na glovu moja. Akafungua mlango, akashuka. Vibeke akamwona kwenye kioo akienda gari hadi gari, mtu mkubwa, akiinama kwenye kila dirisha na kuongea maneno machache. Kwenye gari la kwanza walitikisa vichwa. La pili pia. Kwenye la tatu alikaa muda, akatoka na kitu kwenye karatasi. Kwenye la tano, fundi bomba aliyekuwa anakula chakula chake cha mchana akamkatia nusu.

Akarudi, akamwekea mapajani: yai la kuchemsha, karoti mbili, na nusu kipande cha mkate mweusi chenye ini la kusaga na figili.

"Umewaambia nini?" Vibeke akauliza.

"Nimewaambia mke wangu ana njaa."

Vibeke akauma mkate. Akatafuna, akameza, tonge likaenda lilikotakiwa. Akauma tena. Mbele yao daraja lilishuka, taa ikageuka kijani, na nyuma yao magari yakaanza kupiga honi, moja, mbili, kisha yote. Gorm akawasha taa za tahadhari, akaegemea kiti, akamsubiri amalize.